Maandishi Chini ya Vanishi

Mpiga gitaa akiingia kwetu hapa Makindye kununua pedali, hachomeki waya kwanza. Anaigeuza mkononi. Anapitisha kidole gumba juu ya maandishi, polepole, kama mama anayepima kitenge sokoni, anatafuta kama kuna ukingo, kama kuna mahali panainuka. Akikuta pako laini, hapo ndipo anauliza bei. Sauti anaisikiliza mwishoni, tena wakati tayari ameshaamua. Nimeona hii mara nyingi sana mpaka nimeacha kushangaa. Kwa hiyo leo naandika juu ya stika na vanishi, na mambo ya umeme nitayapitia haraka tu.

Kwa wasiopiga gitaa: pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga, sauti inabadilika. Yetu ni ya namna rahisi kuliko zote, ya kuongeza nguvu. Mchoro wake unatokana na kifaa ambacho kampuni ya Electro-Harmonix iliuza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kinaitwa LPB-1. Transista moja, rezista nne, kapasita mbili, nobu moja, betri ya volti 9. Basi. Wakati wa sebene, pale ngoma na kinanda na waimbaji wamejaza ukumbi mzima, mpiga solo anakanyaga na gitaa lake linapanda juu ya wengine. Kila kanisa la Wakongomani ninalolijua, kutoka Nsambya mpaka Najjanankumbi, lina mpiga solo mmoja anayelia kwamba hasikiki. Hao ndio wateja wetu.

Kampala na gitaa la Kongo wanajuana tangu zamani. Samba Mapangala alipita hapa mwaka 1975 na kuunda Les Kinois, kabla hawajaenda Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Na kuhusu kujitengenezea vyombo, kuna Konono N°1 ya Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi, ambao albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, iliwafanya wajulikane mbali kwa likembe zenye maikrofoni za sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari mabovu. Nikiwahadithia vijana hiyo habari wananijibu, “Yaya, bale bazee hawakupaka hata rangi.” Ni kweli. Lakini Konono hawakuwa wanauza likembe.

Sisi tunauza. Kikundi chetu kina vijana tisa, wa miaka 16 hadi 24. Sita wametoka Kivu, Kaskazini na Kusini, wawili Burundi, na mmoja ni Muganda, mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia na hakuondoka tena. Mimi kazi yangu ni vijana, si umeme. Kulehemu tulifundishwa na fundi mmoja wa redio wa Katwe ambaye alikubali kulipwa kwa chai na chapati. Boksi pia linatoka Katwe. Nje huko wanatumia kisanduku cha alumini kilichomiminwa, kidogo, kama milimita 112 kwa 60. Sisi letu ni la bati, linakunjwa na mafundi wale wanaotengeneza sigiri na masanduku ya shule. Lazima liwe chuma. Tulijaribu mara moja kopo la plastiki, na gitaa likaanza kutoa mahubiri ya redio katikati ya wimbo.

Sasa bati lenyewe lina shida yake. Ni bati lenye zinki, lile linalong'aa, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki inashika wiki chache, kisha inatoka kama nyoka anavyovua ngozi. Zinki na mafuta ya rangi vinapigana huko chini, wewe huoni kitu mpaka siku inapoachia. Na rangi ikiachia, inaondoka na stika yako na klia yako na kazi yako ya wiki mbili. Ndiyo maana vijana wapya nawaanzisha kwa msasa. Msasa namba 220, halafu sabuni, halafu siki, ndiyo, siki ya jikoni, inakula kidogo juu ya zinki mpaka mng'ao unafifia na rangi inapata mahali pa kushika. Unasuuza, unakausha kabisa, na kuanzia hapo hakuna kushika kwa kidole kitupu, juu mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Kisha praima ya bati, kisha rangi. Matundu yote yametobolewa kabla, na ndani, pale tundu la waya litakapokaa, tunabandika utepe ili rangi isiingie, kwa sababu hapo chuma lazima kiguse chuma, bila hivyo pedali inanguruma.

Rangi yetu ni ya maziwa. Watu wanauliza kwa nini si nyeusi, nyeusi inapendeza. Jibu ni kwamba printa haina wino mweupe. Kile unachokiona cheupe kwenye karatasi iliyochapwa ni karatasi yenyewe. Ukihamisha mchoro juu ya boksi jeusi, herufi zinazama, hakuna anayesoma. Kwa hiyo chini pawe peupe au manjano au rangi yoyote ya mchana.

Kuchapa tunaenda Nasser Road. Kama hujafika, ni ile barabara ya katikati ya mji yenye jina la rais wa Misri, sambamba na Nkrumah Road, na utasikia mashine kabla hujaona duka. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa, mabango ya wanasiasa wenye misuli ambayo hawakuzaliwa nayo. Mtu akisema hapo unaweza kuchapisha kitu chochote, anamaanisha kitu chochote, na wengine wanasema hivyo huku wanacheka. Sisi tunachapa neno moja na picha moja.

Mara ya kwanza kijana wa duka alimwangalia dada yetu anayechora, akaangalia karatasi, akamwangalia tena. “Nnyabo, hii imegeuka. Maandishi iko kinyume.”

“Tunajua. Tupigie hivyohivyo.”

“Nikipiga hutarudisha?”

“Sitarudisha, ssebo.”

Akapiga, lakini alilipisha kabla.

Iligeuka kwa sababu ya njia tunayotumia, na njia hiyo hatukuifikia siku moja. Tulianza na stika za plastiki za kawaida, zile za boda boda. Zinang'aa vizuri, lakini ni nene, ukingo unausikia na kidole, na kanisani sakafu inapopigwa na viatu na jasho, pembe zinaanza kuinuka. Baadaye tukajaribu utepe mpana wa kufungia katoni. Hii ni nzuri kufundishia watoto: unabandika utepe juu ya karatasi iliyochapwa, unasugua na kijiko, unaloweka kwenye maji dakika kumi, unaondoa karatasi kwa kidole, na herufi zinabaki kwenye gundi ya utepe. Watoto wanapiga kelele kama wameona mganga. Lakini utepe una ukingo vilevile, na unageuka njano.

Njia tuliyoshika ni ya vanishi. Unapaka vanishi ya maji juu ya boksi lenye rangi kavu, tabaka moja sawasawa. Ingali mbichi, unalaza karatasi kifudifudi, wino ukiangalia chini, ndiyo maana mchoro unachapwa kinyume. Unakanda toka katikati kwenda nje na kadi ya zamani ya simu mpaka hakuna kiputo. Unaacha usiku mzima. Asubuhi unalowesha karatasi na maji na unaanza kuisugua kwa ncha ya kidole, kwa mviringo, na karatasi inatoka vipande vidogovidogo kama ukoko wa ugali. Herufi zinabaki zimeng'ang'ania.

Lakini kuna sharti: iwe printa ya leza. Tona ya leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa moto juu ya karatasi, maji hayaufanyi kitu. Printa ya wino wa maji itakupa ziwa la bluu. Pale Nasser Road usiulize kama printa ni nzuri, uliza ni ya namna gani. Fotokopi ya kawaida nayo inafaa, inatumia tona ileile.

Hii kazi ya kidole ndiyo inayotenganisha watu. Ukimaliza kusugua unaona safi, unafurahi, unaacha ikauke, na baada ya dakika tano boksi limekuwa jeupe kama limepakwa unga. Ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Unalowesha tena, unasugua tena. Mara tatu, mara nne. Ukiwa na haraka unaondoa na mguu wa herufi. Yule dada anayechora anaweza kukaa na boksi moja saa nzima hasemi neno, na ndiye pekee ambaye herufi zake hazijawahi kukatika. Nilimuuliza anafikiria nini wakati anasugua. Akasema anahesabu namba za nyumba za mtaa wao, upande mmoja, kisha upande wa pili. Sikuuliza mtaa gani.

Kuna njia ya tatu, ya karatasi maalum, stika ya maji, kama zile zinazokuja na magari madogo ya kuunganisha. Ndugu wa kijana mmoja alituletea kurasa chache kutoka Nairobi. Unakata mchoro karibu na ukingo, unauzamisha kwenye maji ya uvuguvugu nusu dakika au zaidi kidogo, na ngozi nyembamba yenye picha inaanza kuteleza juu ya karatasi. Huivuti. Unaitelezesha juu ya boksi lililoloweshwa, unaisukuma mpaka mahali pake, unafukuza maji taratibu kwa kitambaa laini, na kiputo kikikataa unakitoboa na sindano. Hapo mchoro hauchapwi kinyume. Inatoka nzuri kuliko zote. Ila ni ghali, na ukurasa ukiharibika ni pesa ya chakula, kwa hiyo tunazitunzia wateja wanaolipa mapema.

Njia yoyote uliyotumia, bila klia hakuna kitu. Kiatu kimoja cha mpiga solo mwenye kilo tisini kinamaliza kazi yote. Klia ni ile vanishi isiyo na rangi ya kupuliza, ya kopo. Umbali ni shibiri moja. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, unapita haraka, hata kama unaona hujafanya kitu. Vijana wengi hapa wanashindwa kujizuia. Wanataka ing'ae mara moja. Klia nzito ya kwanza inalowesha tona na inakunja ngozi ya stika ya maji mpaka inakuwa kama uso wa mzee. Ukungu, dakika kumi, ukungu, dakika kumi, ukungu. Baada ya hapo unaweza kuongeza. Kesho yake msasa namba 1000 na maji, kwa mkono mwepesi, kisha klia tena, na hivyo mpaka kidole hakisikii tena wapi mchoro unaanzia. Kisha unaliacha boksi wiki nzima kabla ya kukaza nati ya kwanza, na chini ya nati unaweka washa, kwa sababu nati inapozunguka juu ya klia changa inaing'oa kwa duara.

Halafu kuna mvua. Wewe unayekaa Kampala unajua kuanzia Machi mpaka Mei, tena Septemba mpaka Novemba, hewa yenyewe ni ya kunywa. Ukipuliza klia siku kama hiyo, inakauka na wingu jeupe ndani yake. Thina inaporuka inapoza uso wa boksi, unyevu wa hewa unatua hapo kama umande, na unafungiwa ndani. Dawa yake ni kungoja siku ya jua kali na kupuliza tabaka jembamba sana la klia mpya, inayeyusha kidogo ile ya chini na wingu linaondoka. Si mara zote. Kwa hiyo sisi tunapuliza kati ya saa nne na saa saba mchana, na boksi tunalifunika na beseni lililoinuliwa kwa vizibo vya soda, hewa ipite, nzi wasipite. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja mvumilivu sana, alituambia neno moja tu juu ya harufu: siku atakayoisikia kwenye matooke yake ndiyo siku ya kuhama.

Jambo moja sijadiliani na vijana. Kule Kisekka na Ndeeba, wapaka magari wanatumia klia ya kuchanganya na hadna. Inakuwa ngumu kama kioo, na inauzwa hata kwa kupimiwa kidogo. Kila mwezi kuna kijana ananiletea hoja hiyo upya. Ndani ya hadna hiyo kuna isosayaneti, ambayo inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii hata kidogo. Mpaka magari mwenye vifaa vyake kamili afanye. Hapa kwetu, kwenye ua wenye watoto na sigiri, hapana. Wanaona mimi ni mzee kabla ya wakati. Sawa.

Sasa nifike kwenye maandishi yenyewe, ambayo ndiyo yalitugawa.

Juu ya boksi letu kuna neno NGUVU pembeni ya nobu, na chini yake picha ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma isiyo na pedali, inayobeba magunia ya makaa na viazi kwenye mteremko. Dada yetu ndiye aliyeichora, kwenye simu, na pedali yenyewe ikapata jina hilohilo, Chukudu. Neno NGUVU nalo lilikuwa na mjadala wake mdogo. Mpiga gitaa mmoja Muganda, baba mtu mzima, alisoma akacheka: “Nguvu? Kama ya polisi?” Kiswahili hapa kwa wazee ni lugha ya askari, hata kama baraza la mawaziri lilikubali mwezi Julai 2022 kiwe lugha rasmi. Tulifikiria kuandika kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kiganda. Mwisho tukaacha NGUVU, na yule baba akanunua.

Kisha likaja shirika, sitalitaja. Walitaka pedali 20 za kuwapa wageni wao tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Bei yetu ni shilingi 80,000, kwa hiyo ni milioni moja na laki sita. Hatujawahi kuona pesa hiyo kwa mkupuo mmoja. Sharti lao lilikuwa moja: juu, katikati, pale penye chukudu, paandikwe kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa na wakimbizi. Kwa herufi kubwa, waliongeza, ionekane kwenye picha.

Niliwaambia vijana jinsi ilivyo, nikakaa kimya. Hiyo ni kazi yangu, kukaa kimya wakati mwingine, na ni ngumu kuliko kulehemu.

Kijana mmoja, wa miaka 20, mkubwa wa nyumba yao, mama na wadogo wanne, alisema tuchape leo. “Neno haiumake. Njaa njo inaumaka.” Na hakuna aliyeweza kumjibu haraka. Uganda inatupa mambo ambayo nchi nyingi hazitoi, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kwenda tunapotaka. Lakini mgao wa chakula uko kwenye makambi. Ukikaa Kampala umekubali kujilisha, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba haulizi ulitoka wapi.

Dada yetu akasema, “Kwa OPM miye niko mukimbizi. Karatasi njo inasema, na nina iheshimu hiyo karatasi. Lakini hii box si karatasi yangu.”

Mmoja wa Warundi akaleta pedali ya Boss iliyokuja kutengenezwa, akaigeuza. Nyuma imeandikwa nchi ilikotengenezwa. “Hawa wameandika mahali. Hawakuandika watu wale walikuwa na shida gani.”

“Hao hawana kodi ya kulipa,” akasema yule mkubwa.

“Wanalipa. Kila mtu analipa.”

Ilikuwa inaanza kuwa mbaya. Sauti zimepanda, na mambo ya nyumbani, ya kabila na ya nani alikimbia lini, yalikuwa yako karibu na mlango, nimeyasikia mara nyingi yakikaribia hivyo. Hapo yule kijana Muganda, ambaye alikuwa kimya pembeni anapiga msasa, akauliza bila kuinua kichwa, “Na mimi? Mimi ni wa Makindye. Bati zote nimezipiga msasa mimi. Mtaandika nini juu yangu?”

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga siki. Lakini swali lilibaki palepale. Maneno yale yangekuwa uongo, hata kama madogo.

Kisha wakaanza kuongea kama mafundi, na hapo ndipo nilifurahi. Kitu kilicho chini ya klia hakitoki. Ukitaka kukitoa unapiga msasa mpaka bati. Stika ya kawaida ya boda boda, isiyopakwa klia, inatoka kwa ukucha. Basi, wakasema, juu ibaki chukudu, chini ya klia. Pembeni, nayo chini ya klia, “Imetengenezwa Kampala”. Na maneno ya shirika yaende chini kwenye kifuniko, kwenye stika ya plastiki. Mgeni akitaka kuiacha, aiache. Akitaka kuitoa, ni yake.

Shirika walifikiria siku nne. Wakachukua 12 badala ya 20. Hawakusema kwamba ni kwa sababu hiyo, na mimi sikuuliza, lakini nane zilizobaki ni shilingi 640,000, na nyumba ya yule kijana mkubwa ilikuwa na deni la miezi miwili. Aliondoka. Wiki tatu alikuwa anabeba mizigo Kikuubo, na nilipompigia simu alinijibu kwa adabu, “Ndiyo, yaya, nasikia,” ile adabu ya mtu aliyekasirika. Mimi naona kikundi kiliamua sawa, na naona pia kwamba alikuwa na haki ya kukasirika. Heshima ile tulinunua wote, ila bili ilienda kwa mtu mmoja. Alirudi mwenyewe Jumatatu moja, akachukua msasa, hakuna aliyesema kitu. Tangu hapo kuna kikopo: kwa kila pedali inayouzwa shilingi 5,000 zinaingia humo kwa ajili ya mtu ambaye uamuzi wa kikundi umemuumiza. Yeye ndiye anayetunza funguo.

Kisha ikaja Januari 2025, Goma ikachukuliwa na M23, Februari ikawa Bukavu, na watu wakaanza kufika Kampala kwa mabasi ya Kisoro na kwa njia ambazo hawazisemi. Kwetu walikuja vijana wapya. Mmoja, wa miaka 17, siku ya kwanza hakuongea na mtu. Alichukua pedali kutoka kwenye rafu, akaigeuza mkononi kama wanunuzi wanavyofanya, akapitisha kidole gumba juu ya chukudu. Nilifikiri anatafuta ukingo.

“Nani alichora hii?”

Dada yetu akasema ni yeye.

“Hii haina mahali ya goti.”

Wale ambao hawajaona chukudu nawaeleza: anayeiendesha anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma na mguu mwingine, na pale pa goti panapigiliwa kipande cha raba ya tairi, la sivyo goti linaisha. Dada yetu alitoka Goma mwaka 2012 akiwa mtoto mdogo, mgongoni mwa shangazi yake. Chukudu aliyoichora ilikuwa ya pembeni, ya mbali, ya kupita. Huyu mwenzake alikuwa ameiendesha, miaka miwili, kutoka upande wa Kibumba, na mboga.

Walikaa chini na simu moja. Alimwonyesha raba inakaa wapi, jinsi inavyopigiliwa misumari pembeni na si katikati, na kwamba magurudumu nayo yana raba, na kwamba usukani haukai wima vile, umelala kidogo kuja kwa mwendeshaji. Yeye anarekebisha, anauliza, “Hivi?” Huyu anasema, “Bado. Shusha.” Saa nzima. Ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti yake, na ilikuwa sauti ya kutoa amri.

Mchoro mpya ulienda Nasser Road Ijumaa iliyopita, kinyume, na kijana wa duka hakuuliza tena. Karatasi sita zimelazwa juu ya maboksi sita tangu jana usiku. Asubuhi hii huyu mpya ndiye anasugua, dada yetu amekaa karibu anamwangalia mkono, na amemwambia mara mbili apunguze nguvu. Raba ya goti ni ndogo, kama punje ya mchele, na ndiyo sehemu inayoweza kuondoka kwanza. Mawingu yako upande wa ziwa. Klia itangoja mpaka jua litoke.